Kibegi Kimoja cha Desemba

Yaya Béatrice, dada yangu,

Huko Umbilo, Durban, mnaendelea kutoka jasho? Mimi huku Roma naganda. Asante sana kwa ushauri wako wa kitaalamu: “Desemba iko joto, beba kibegi kimoja tu.” Hilo ni joto la Durban, yaya, si la Roma! Nilishuka kwenye ndege nimevaa kaptula na sandali, watu wakanitazama kama mgonjwa aliyetoroka hospitali. Bibi mjane mwenye chumba nilichopanga akanihurumia, akanivika koti la marehemu mumewe. Tangu siku hiyo ananipakulia supu na kuniita Alfredo, jina la huyo marehemu. Eish, kibegi changu kweli ni chepesi, hongera. Nibusie watoto, na uote jua la ufuko wa South Beach kwa niaba yangu.

Mdogo wako Serge, ambaye tangu jana ameanza kuitika akiitwa Alfredo.