Mashimo ya Witiri ni ya Effie

Kwako Shangazi Marsali wa ukurasa wa ushauri wa Alhamisi,

Nakuandikia kwa sababu sina wa kumwuliza ambaye hanijui tayari, na nakuita shangazi kama wanavyokuita wengine ingawa kwa umri huenda mimi ningekuzaa, na naomba usiandike jina langu japo najua fika kwamba Portlossan nzima itajua ni mimi kabla chai ya asubuhi haijapoa, maana hapa kwetu hakuna mzee mwingine anayezunguka uwanja wa gofu peke yake na mifuko miwili ya fimbo begani, mmoja wake na mmoja wa marehemu.

Mke wangu Effie alifariki mwaka juzi, mwezi wa pili, na mimi na yeye tangu tuoane tulikuwa na mchezo wetu mmoja tu, ule wa watu wawili na mpira mmoja, ambao kama wewe ni mtu wa pwani hii unaufahamu na kama umekulia mjini ni hivi: mmoja anapiga, mwenzake anaupiga kutoka pale ulipoangukia, kisha yule wa kwanza tena, mpaka uingie shimoni, na mnagawana nani aanze wapi, mmoja anaanza mashimo ya witiri, la kwanza, la tatu, la tano na kuendelea, mwingine anaanza ya shufwa. Effie alichukua ya witiri. Aliyachukua kwa sababu shimo la kwanza linaanzia mbele ya dirisha kubwa la klabu, watu wamekaa ndani na supu zao wanakutazama mgongoni, na mimi mikono hunitetemeka nikitazamwa, tangu ujana, lakini yeye hakujali kabisa, alikuwa anapiga huku anaongea, siku nyingine bado anatafuna. Maisha yangu yote mimi sijawahi kuanza shimo la kwanza.

Basi baada ya mazishi watu wakaniambia nitoke nje, nisijifungie, nikatoka, nikaenda uwanjani alasiri wenzangu walipokwisha kurudi, nikasimama pale kwenye shimo la kwanza na nikashindwa, wala si kwa sababu ya dirisha maana hapakuwa na mtu, ila nilihisi nimesimama mahali pa mwenyewe. Nikautia mpira mfukoni, nikatembea mpaka pale nilipodhani Effie angeufikisha, nikauweka chini, nikapiga mimi. Zamu yake ikija nauokota tena, natembea nao, nauweka. Ndivyo nimekuwa nikicheza tangu hapo, na nikuambie kweli, tunacheza vizuri kuliko zamani, tangu afariki hatujapoteza mpira hata mmoja.

Lakini ni upweke, Shangazi, sitakuficha. Upepo wetu unatoka baharini tangu vuli mpaka maua yachanue, mtu unatembea umeinama kama aliyedondosha funguo, na husikii kitu ila bendera ya shimo inavyojipigapiga kwenye mti wake. Karibu na shimo la saba kuna ukuta wa mawe ambapo tulikuwa tunakaa kula biskuti za shayiri na jibini, yeye upande uliokingwa na mimi upande wa upepo kwa kuwa koti langu ni zito, na hata peke yangu nakaa upande wangu ule ule, wake uko wazi, na mimi napigwa na upepo hadi machozi yananitoka, mengine ya upepo na mengine si ya upepo. Naweza kumaliza wiki sijasema neno ila ahsante kwa binti wa dukani.

Sasa jambo lenyewe ni Netta. Netta ni mwanamke wa rika letu, hakuolewa, alikuwa na duka la mikate mpaka miguu ilipomwambia basi, na kila Jumanne, siku ya wanawake, alikuwa anacheza na Effie. Mwezi uliopita nilikuwa shimo la tatu, lile ambalo kijito kinapita mbele yake na vichaka vya miiba viko pande zote mbili, na kwa kuwa ni la witiri ilikuwa zamu ya Effie kuanza, upepo unatupiga usoni kiasi cha kuning'oa kofia, nikavuka daraja na mpira mfukoni nikauweka ng'ambo kwenye nyasi fupi, karibu na bendera, mahali pazuri sana. Nilipoinuka nikamwona Netta amesimama darajani na fimbo yake mkononi, alikuwa anacheza peke yake nyuma yangu na sikumsikia kwa sababu ya upepo, ananitazama mimi, anautazama mpira, ananitazama mimi tena.

"Effie hajawahi kuvuka kijito hiki upepo ukiwa hivi," akasema. "Hata siku moja."

Nikamwambia hayamhusu.

"Yananihusu. Unadhani nani alikuwa anaingia naye kwenye miiba kuutafuta?"

Shangazi, niliuokota mpira nikaenda zangu nyumbani, sikumaliza mashimo, nikanywa supu ya jana baridi nimesimama jikoni. Kumsema marehemu vibaya, tena mbele ya mumewe, huo ni utu gani? Jumapili kanisani alinisogelea nikampa kisogo. Na tangu siku ile sijakanyaga uwanjani.

Mimi nikadhani yamekwisha, kumbe yeye hajamaliza. Wiki iliyopita rafiki yangu Wattie, ambaye ndiye mwandikishaji wa mashindano ya klabu, alinipigia simu akicheka hata haeleweki.

"Umeposwa, mzee," akaniambia. "Netta amejiandikisha na wewe kwenye mashindano ya wawili wawili, mpira mmoja. Tafuta suruali safi."

Nikamwambia alifute jina langu mara moja. Akasema hafuti kitu mpaka niende mwenyewe nikamwambie Netta usoni, yeye anamwogopa yule mama tangu enzi za mikate.

Mashindano ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Huku nako binti yangu Kirsty anataka nihamie kwake Perth, mji ulio ndani bara, chumba keshakipaka rangi, na Perth hakuna bahari wala upepo wa kutaja, na nafikiri niende tu, nigawe fimbo zote na yaishe. Maana nikicheza na Netta yeye ndiye atakayeanza mashimo ya witiri, na mimi nitasimama pembeni nimwangalie mtu mwingine akipiga kutoka mahali pa Effie, na sijui kama nitaweza, sidhani. Na kuna jambo moja dogo sijamwambia mtu. Mpira wa Effie ukipotea miibani alikuwa na neno lake analolisema, neno la kwao visiwani alilolitoa kwa mama yake, alilisema kila mara na mimi nilicheka kila mara, na sasa nimelisahau. Nalitafuta nikiosha vyombo, nalitafuta nikitembea, halipo. Sijui kwa nini hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nisaidie. Nihame, au nifanyeje?

Mimi,
Mzee wa Shufwa, Portlossan

*

SHANGAZI MARSALI ANAJIBU

Mzee wangu wa Shufwa,

Pole. Nalitanguliza hilo na sitalirudia, kwa sababu naona pole umepewa nyingi na bado unakula supu baridi umesimama.

Nilipofika pale unaposema hamjapoteza mpira hata mmoja tangu Effie afariki, niliiweka barua chini nikaenda kuchemsha maji, na nilikaa jikoni kidogo kabla ya kurudi. Mzee wangu, unacheza na nani? Effie niliyemwona kwenye barua yako ni yule anayepiga mpira huku anatafuna mbele ya klabu nzima. Nimempenda. Mtu wa namna hiyo mipira yake hupotea, tena sana. Huyu unayembebea mpira mfukoni na kumwekea karibu na bendera ni mwanamke mwingine, umemtengeneza wewe mwenyewe, hakosei, na kwa kuwa hakosei hana la kusema. Halafu unashangaa umelisahau neno lake. Lile lilikuwa neno la miibani, na wewe miaka yote hii miibani humpeleki.

Netta hakumtukana mkeo. Alimkumbuka. Alimkumbuka jinsi alivyokuwa, na mpira wake na kijito chake, na wewe ukaona ni matusi kwa sababu ulikuwa umeshaanza kumsahau na hukutaka kuambiwa. Waliomjua Effie siku ya upepo wamebaki wawili tu hapo kwenu, mmoja ni wewe, na wewe umeanza kudanganya. Wa pili unampa kisogo, tena kanisani. Hukuona haya?

Na jambo jingine ambalo limenikasirisha zaidi. Umeandika kwa mkono wako kwamba siku ile Netta alikuwa anacheza peke yake. Umeliandika ukapita, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Hukujiuliza kwa nini mwanamke aliyezoea kucheza na mwenzake anatembea peke yake kwenye upepo ule, na yeye analia na nani. Wewe ulifiwa na mke, yeye alifiwa na Jumanne zake zote, na hakuna aliyempelekea hata bakuli la supu kwa sababu hakuwa mjane wa mtu. Amekuandikisha bila kukuuliza, ndiyo, ni ukorofi. Lakini mtu aliyepewa kisogo angekuuliza saa ngapi?

Kuhusu Perth: Kirsty ni mtoto mwema, mshukuru, nenda ukale naye mwaka mpya na ukalale kwenye hicho chumba chake. Ukitaka kuhama siku moja kwa sababu magoti yamechoka, hama kwa amani. Kuhama kwa kumkimbia mwuza mikate mstaafu ni utoro, na kwa umri wako haupendezi.

Sasa nisikilize. Gazeti hili ukilikunja, vaa lile koti lako zito uende kwa Netta, usimtume Wattie na usipige simu. Mwombe radhi kwa yale ya kanisani. Mwambie utacheza naye, lakini kwa sharti moja: yeye aanze mashimo ya shufwa. Ya witiri utaanza wewe, hivyo hakuna mgeni atakayesimama mahali pa Effie. Utasimama wewe, kwenye shimo la kwanza, dirisha nyuma yako na watu na supu zao, na mikono ikitetemeka iache itetemeke. Mkeo alikubebea aibu hiyo maisha yenu yote na nadhani hukuwahi hata kuiona kuwa ni mzigo. Shimo la tatu upepo utakuja usoni na mpira wako utaingia kijitoni au miibani, na ingia uutafute, usiuweke mahali pazuri. Ule mfuko wa pili wa fimbo uache nyumbani, mabega yako yamebeba vya kutosha. Mkifika kwenye ukuta wa mawe, upande uliokingwa akae Netta. Wala sikuozeshi, mwambie Wattie anyamaze. Ni kiti tu, na kimekaa kitupu mno.

Lile neno la Effie mimi silijui, na siwezi kukutungia jingine. Lakini yupo mtu aliyeingia naye miibani Jumanne baada ya Jumanne, akalisikia mpaka akalichoka. Akikufungulia mlango, kabla hata hujavua kofia, mwulize.