Mama wa Jalada

Amondi, wacha chochote unafanya usome hii. Leo nimejimaliza.

Ile ripoti yetu ya uchumi imezinduliwa asubuhi hotelini. Pendekezo letu kubwa ni serikali iache kupanga bei, soko liamue lenyewe.

Bosi alikuwa ameniagiza picha ya jalada. "Muhonja, tafuta mfanyabiashara maskini, awe na huzuni kidogo." Nikaweka ile nilipiga soko la nyama la Burma, ya mama wa bucha na aproni yake ya damu. Chini nikaandika, "Hana mtaji, hana sauti."

Kumbe huyo mama amealikwa. Akaomba maiki.

"Naitwa Mama Shitanda. Mimi ndiye huyo hana sauti."



"Niko na gorofa mbili mtaa wa Fedha. Ile ya kijani nyuma ya kanisa ni yangu."

Amondi, mimi nalala wapi? Ya kijani. Nyuma ya kanisa. Kodi nampea keateka, Opicho, kila mwezi, mwenye nyumba sijawahi kumuona hata kivuli.

Bosi hata hakunificha, alininyooshea kidole mbele ya watu. "Picha ilichaguliwa na Muhonja."

Mama Shitanda akanigeukia. "Na wewe mami, unakaa wapi?"

Nikamwambia ukweli, kama mjinga. Akatabasamu tu, akabeba nakala ya ripoti, akaenda.

Sasa hivi Opicho ameniandikia: "Mama amesoma ripoti yenu yote na ameipenda sana. Kodi ya wengine inabaki vile iko. Yako, soko litaamua."