Mwenye Nyumba Asiyejua Choo Kilipo

Shoga, uko? Nimetoka kuiona ile nyumba ya kupanga sasa hivi.

Dalali kaniletea "mwenye nyumba", mzee mmoja wa suti, eti kaijenga mwenyewe na kaishi humo miaka kumi na miwili. Nikaamini! Nikaweka mezani bahasha ya kodi ya miezi sita, akiba yangu yote. Kalamu mkononi.

Mzee akaomba kwenda chooni. Akafungua mlango, stoo. Akafungua mwingine, jikoni. Shoga, JIKONI! Kisha akamgeukia dalali: "Choo kiko upande gani?"

Miaka kumi na miwili! Alikuwa anajisaidia wapi?

Dalali, bila haya: "Mzee kachoka na safari, dada. Wewe weka sahihi tu."

Nikaichukua bahasha yangu, nikasimama.

"Dada, huniamini?"

Nikamwambia, "Hapana." Mimi! Mimi ninayeogopa hata kumwambia fundi kwamba gauni linabana.

Ila usinicheke. Nilipofika mlangoni niliwaambia matapeli wale, "Samahanini kwa usumbufu."

Mzee akaitikia kwa upole, "Karibu tena, mwanangu."

Karibu tena wapi?