Kinyonga na Neno la Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Somo la leo: hadithi za kale ndani ya falsafa ya sasa. Wanafunzi kumi na tisa, tisa wakiwa macho. Nimewaambia kwamba nyingi ya hoja zetu kubwa ni hadithi ya bibi iliyofungwa tai. Wamecheka. Hucheka kila mwaka, mahali palepale.

Kisha nikawapa ya kinyonga. Muumba anamtuma awaambie watu kwamba hawatakufa. Kinyonga anatembea, anasita, anadokoa vijidudu njiani. Mjusi anampita na habari nyingine – mtakufa. Watu wanalipokea neno lake. Kinyonga anafika na lake la uzima, hakuna wa kumsikiliza. Hapo ndipo nilipojenga hoja yangu: fikra zetu za ahadi, za hukumu, hata za uhuru, zina mizizi humo. Neno likishatoka halirudi. Mtu ni mateka wa alichotamka. Kurasa mia mbili na kumi za kitabu changu zimesimama juu ya mguu huo mmoja.

Msichana wa benchi la mbele akanyoosha mkono. Kwao, alisema, bibi akisimulia wao humjibu, humkatiza, humbishia. Katika kitabu changu mama yangu, niliyemrekodi, anasimulia peke yake. "Mwalimu, siku ile nani alikuwa anamwitikia?"

Nikamjibu kwamba muda umekwisha. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili.

Jumanne, 4 Machi

Chai. Mkate. Nyumba kimya – friji peke yake ndiyo inayonisemesha.

Swali la yule binti limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Jibu nalijua. Aliyekuwa anaitikia ni dada. Miaka thelathini na moja iliyopita: mama kitandani kwake, mimi na redio kaseti niliyoazima chuoni, dada sakafuni akipepeta mchele. Kaseti niliinakili karatasini mwenyewe, kwa utaratibu tuliofundishwa wakati ule: msimulizi aandikwe, sauti za wasikilizaji ziachwe. Kila dada alipofungua mdomo, niliinua kalamu.

Dada. Miaka saba sijaliandika neno hilo humu.

Haya, na liandikwe lote basi. Mama alipozidiwa nilikuwa ng'ambo kwenye kongamano – nikisoma makala juu ya hadithi ya mama! Dada alipiga simu mara mbili. Nikamwambia nikishasoma nitakuja. Nilifika siku mbili baada ya mazishi. Akaniambia mbele za watu, "Alikuulizia mpaka mwisho." Basi, hakuongeza. Niliyeongeza ni mimi: kuanzia leo sina dada. Na neno likishatoka halirudi, si nilishalichapisha?

Nyumbani waliniita Kinyonga. Wa mwisho kuoga, wa mwisho kumaliza chakula. Jina alinipa dada.

Jumatano, 5 Machi

Mpwa wangu amepiga simu, binti wa dada. Sauti imekuwa ya mtu mzima. "Shikamoo, mjomba." Aliongea harakaharaka, kama mtu aliyejificha bafuni. Anamchukua mama yake wakaishi pamoja, nchi nyingine, mbali kwa ndege. Nyumba imeshapata mpangaji. Lori la mizigo Jumamosi saa tano asubuhi. Mama yake hajui kwamba amenipigia.

Nikasema nimesikia. Nikawatakia safari njema. Safari njema! Kama karani wa uwanja wa ndege.

Nimekaa sebuleni mpaka chai ikafanya utando. Viti vinne, mkaaji mmoja. Nina upweke. Nimeliandika, na dari haijaanguka.

Alhamisi, 6 Machi

Sijaenda kazini. Nimeitoa kaseti kabatini. Utepe ulikuwa umelegea, nikaukaza kwa penseli. Redio inakwaruza lakini inasema.

Mama! Kikohozi kwanza, kisha mwenyewe. Nililia kabla hajafika kwa kinyonga.

Nimesikiliza mara tatu. Dada yumo mwanzo hadi mwisho. Ehe. Ikawaje? Anacheka. Ananitania kwamba kinyonga mwenyewe ndiye kashika mashine. Na mwishoni, pale kitabu changu kinapoweka nukta, anauliza:

"Sasa mama, hao watu walijua kwamba kinyonga yuko njiani?"

"Walijua. Walishaambiwa kuna mjumbe anakuja."

"Na hakuna aliyekwenda kumpokea?"

Mchele unasikika kwenye ungo. Kisha mama, taratibu:

"Hakuna, mwanangu. Walikaa, wakasema atafika. Kosa lilikuwa la miguu yao."

Hilo sikuliandika. Wala sikulificha. Lilikuwa jibu kwa msikilizaji, kwa hiyo kwangu halikuwa hadithi. Kalamu ilikuwa juu. Miaka thelathini na moja nafundisha hadithi iliyokatwa mkia, na aliyeukata ni mimi. Nikasema wahenga ndio waliotufunga na neno la kwanza! Kamba niliisokota mwenyewe, nikajifunga, nikapata na cheo juu yake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeliambia darasa. Nimewaambia kitabu kina kosa na kosa ni langu. Yule binti hakuringa, aliandika tu. Mmoja wa nyuma akauliza kama hilo litatoka kwenye mtihani.

Simu nimeishika mara sita. Mara sita nimeiweka. Naogopa. Kesho saa tano.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika juu ya goti, uani kwa dada. Nimekalia boksi lililoandikwa SUFURIA.

Nilikuja kwa miguu. Barabara mbili na soko. Miaka saba – barabara mbili na soko! Na mimi kila asubuhi nikizunguka njia ya nyuma nisipite hapa.

Lori limejaa nusu. Wapakiaji wananikwepa kama kiti ambacho hakijulikani kinakwenda au kinabaki. Mpwa alinikumbatia, akaenda kuzungumza na dereva. Dada alikuwa ameketi mlangoni, kanipa mgongo, anachambua funguo. Amepungua. Kichwa chote cheupe. Njiani nilikuwa nimetunga maneno, mazuri, yenye sehemu tatu. Yote yakanitoka.

Nikasema, "Dada, nimeisikiliza kaseti. Nimekusikia."

Hakugeuka. Akamaliza funguo zake, moja moja.

"Kinyonga, umechelewa."

Akainuka, akaingia ndani. Hakunikaribisha. Mlango hakuufunga.

Sasa ni dakika kumi tangu aingie. Dereva amepiga honi, mpwa anamsihi asubiri. Kilichobaki jikoni ni boksi la vikombe tu, na lilishafungwa. Nasikia utepe wake ukibanduliwa. Kikombe kinawekwa sakafuni. Nasubiri nisikie cha pili, cha kwangu.

Nasubiri! Na mimi tena nimekaa, nasema kitafika.

Kalamu chini. Naingia –