Zéphirin na Kidole Chake Nyuma ya Sikio

Mwaka umezunguka, Papa Zéphirin, tangu ututoke, na kwaya yako hapa mtaani Hewa Bora ingali inaimba na kidole nyuma ya sikio.

Waliiga kwako. Kutwa uliendesha basi la wafanyakazi wa mgodi wa Kinsevere, ukarudi na mikate ya moto kwa watoto wa barabara nzima. Jioni ulisimama mbele ya kwaya, wewe mwalimu wake, kidole kimebonyeza nyuma ya sikio la kushoto, nao wakadhani ndiyo ufundi wa kushika sauti. Kumbe ulikuwa unanyamazisha mvumo kichwani, uliokwenda sawia na mapigo ya moyo. Jicho lako lilipoanza kuwa jekundu, majirani walisema ni pombe, na wewe hukuwahi kuonja hata bia ya harusini.

Siku moja ulimwinamia Jeanne, mwimbaji wa sauti ya kwanza, umpe noti ya wimbo sikioni. Akaruka.

"Maître, mu kichwa yako muko kintu kinavuma!"

Mkeo Hortense aliposikia habari hiyo, wivu ulimshika.

"Mi bibi yake minalala naye kila siku, na ni ye njo alisikia wa kwanza?"

Hakujua kwamba ulililalia sikio hilo la kushoto makusudi, asisikie mvumo, usimtie hofu. Tulipokupeleka hospitali, daktari alieleza kuwa mshipa unaopeleka damu kichwani umeungana moja kwa moja na ule unaoirudisha, na huu wa pili haukuumbwa kuhimili msukumo wa damu hiyo; ndiyo sababu ya mvumo na jicho jekundu. Hortense aliuliza swali moja tu: na yeye anaweza kusikia?

Basi kila jioni ulimwekea kichwa mapajani, naye akalaza sikio lake nyuma ya lako la kushoto. Jeanne alipokuja kukujulia hali, alipewa kiti cha mlangoni.

Mshipa ulipasuka kabla hatujapata pa kukufanyia upasuaji. Hortense aliweka tena sikio, palepale kitandani. Kimya. Tulimwondoa kwa kumshika mikono.

Jeanne sasa anasimulia parokia nzima alivyokusikia, na ameomba jina lake liwemo humu, katika tangazo hili la familia la kukukumbuka. Tulimwuliza Hortense.

"Mumuandike. Ye alisikia mvumo. Lakini ile kimya, njo yangu miye peke."

Wanaokukumbuka: mkeo Hortense, aliyekupenda kuliko wote, wanao Fils na Tracy, dada yako Christiane, na wa mwisho kabisa, kama mkeo alivyoagiza, Jeanne wa kwaya.

Maadamu tuna masikio, Papa Zéphirin, hatutakusahau.