Presha ya Kaka Yako

Nyumbani,
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo huko uliko? Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi za kazini? Sisi tunaendelea, na watoto wanakua hadi viatu vinawakataa.

Nimeshika kalamu kwa ajili ya kaka yako. Usishtuke, yuko mzima. Hapa anabishana na redio.

Alipogundulika ana presha, daktari alitaka ishuke chini ya mia na arobaini. Kaka yako akang'ang'ania chini ya mia na ishirini, kwa kuwa alisikia huko ndiko kiharusi kinakotokea kwa nadra. Daktari akakubali kujaribu, akamwongezea vidonge, akamwonya: "Ukisikia kizunguzungu, njoo upesi."

Hakwenda. Akawa akiinuka kitini anashika ukuta. Nikimuuliza, eti uchovu. Jumanne alikuwa juu ya ngazi akichora bango la duka la viatu, macho yakaingia giza. Aliteremka kwa kutambaa, kopo la rangi nyekundu likammwagikia kifuani. Nilipofika nilidhani ni damu.

"Kwa nini ulinificha?"

"Wangenipunguzia dawa," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza mama kitandani miaka mitatu baada ya kiharusi. Afadhali nianguke kuliko kulala vile."

Kisha akalia. Hata kwenye msiba wa mama sikumwona akilia. Maneno makali niliyokuwa nayo mdomoni niliyameza.

Kesho yake tulikwenda wote. Daktari alimpima ameketi, kisha amesimama. Aliposimama tu ikaporomoka hadi tisini na kitu. Hakumfokea. Alisema kushusha sana huwasaidia wengi, lakini dawa ikianza kumwangusha mtu, lazima irekebishwe. Akaondoa kidonge kimoja. Sasa tunatafuta chini ya mia na thelathini, na kupanda juu ni marufuku mwezi mzima. Mabango anayachora sebuleni, yamelazwa sakafuni. Hatuna pa kukanyaga, lakini sigombi.

Jana kipimo kilisoma mia na ishirini na nane, na aliposimama hakuyumba. Akaniambia, "Mwandikie dada. Mama alituzaa sote wawili."

Basi kapime, wifi. Hata kama hujisikii vibaya.

Wasalimie shemeji na mapacha. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Wifi yako akupendaye sana,
Mke wa Fundi Rangi