Kibao cha Kupimia Masu

Jumamosi, 1 Juni

Ziwa limefunguliwa leo. Nimefika gatini saa kumi alfajiri, watu wameshajipanga na fimbo zao za mishipi. Vibali hamsini na viwili nimekagua. Kanuni nimetangaza mpaka koo likakauka: masu, samaki wa ziwa hili, kumi kwa mtu kwa siku, na asiyefika sentimita ishirini anarudi majini.

Bwana mmoja kutoka jiji la Sendai amenigomea. Nilimlaza samaki wake kwenye kibao cha kupimia alichochonga Baba, mkia haukufika kwenye alama. Mrudishe, nikasema. Akatoa rula ya plastiki — eti ishirini na nusu, kibao chetu kinadanganya. Nikamjibu kibao hiki kilikuwa kinapima samaki yeye hajaota meno. Akamrudisha. Ila ameondoka akitikisa kichwa, na sijapenda alivyokitikisa.

Jumapili, 2 Juni

Mvua, watu wachache. Nimekwenda na tepu yangu ya kushonea. Kutoka pua mpaka alama ya mkia — sentimita ishirini na moja na milimita mbili. Nimepima mara tatu!

Miaka thelathini na nane tunapimia kitu hiki. Tumerudisha samaki wangapi wa halali? Halafu nikamkumbuka Baba mdogo Heisaku, nikakaa palepale kwenye mbao zilizolowa.

Jumanne, 4 Juni

Niandike, labda nitapumua.

Heisaku si ndugu wa damu. Ni rafiki wa Baba tangu wanakimbia pekupeku, na ndiye aliyenifundisha kupiga makasia. Miaka kumi na miwili iliyopita alikuwa makamu mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi. Baba ndiye aliyekuwa mkaguzi, kazi ambayo sasa ninayo mimi. Heisaku akaleta masu kumi. Baba akawapima mbele ya watu. Tisa sawa, wa kumi mfupi. Heisaku akasema amempima mwenyewe, amefika. Baba akasema kibao hakina rafiki. Kwa kuwa alikuwa kiongozi alipewa adhabu kamili, akanyang'anywa kibali msimu mzima. Akajiuzulu. Tangu hapo hawasalimiani. Wakikutana dukani, mmoja anageukia rafu ya sabuni.

Samaki yule hakuliwa. Heisaku alimpaka wino, akamlazia karatasi juu, akachapa umbo lake, na tarehe akaandika. Wenzake wanachapa samaki wakubwa wa kujivunia. Yeye kachapa huyo. Bado yuko ukutani kwake, juu ya televisheni.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemuuliza Baba tukila. Ana miaka themanini na sita, masikio yanaziba akitaka yeye. Leo yalikuwa wazi.

Kibao ulikipimaje? Akanyoosha kijiti cha kulia kwenye pembemraba yake ya useremala ukutani. Kwa sun, anasema, kipimo cha zamani, kama sentimita tatu hivi. Ushirika ulitaka ishirini. Sun sita haifiki, sun saba inazidi kidogo. Akaona bora izidi, samaki watage.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Siku ya kuchonga nilijua. Baadaye nikasahau. Ikawa ndiyo ishirini."

Kisha akaweka vijiti chini. Sikumwambia kitu, wazo amelifikia mwenyewe. "Heisaku," akasema. Na samaki wa sahani yake hakummaliza. Baba, ambaye hajawahi kubakiza hata punje ya wali! Nampenda mzee huyu mpaka namkasirikia.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemweleza Nagase, mwenyekiti wa ushirika, naye anashauri tuchonge kipya kimyakimya, wazee tusiwaamshe. Nimesema nitafikiri. Nimerudi nyumbani, nimemkuta Baba amenyoa ndevu, na leo si siku yake ya kunyoa.

Jumapili, 9 Juni

Tumekwenda kwa Heisaku. Baba amekibeba kibao kifuani, amekifunga kitambaa kizuri kama zawadi. Mama Fumi, mke wa Heisaku, alifungua mlango akabaki ameshika kitasa.

Heisaku hakumtazama Baba hata kidogo. "Kinue," akaniambia, "muulize baba yako leo amekuja kumpima nani."

"Mwambie nimekuja kupimwa mimi," akasema Baba. Wako hatua mbili, na mimi katikati kama mkalimani.

Heisaku akamshusha samaki wake ukutani. Nikapima kwa tepu: ishirini na milimita sita. Baba akalaza kibao juu ya karatasi. Mkia haukufika. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Samaki wako alikuwa halali. Kibao nilichonga mimi, na vibaya. Na siku ile ningekuamini wewe, si ubao."

Mama Fumi analia ndani ya aproni. Baba hainuki. Machozi yalinitoka na mimi, sikuyafuta.

"Mwambie ainuke," akasema Heisaku mwishowe, "magoti yenyewe mabovu."

Akaniuliza kama ni kweli Nagase anataka kibao kipya. Nikasema ndiyo, cha ishirini kamili. "Mwambie akiache hiki. Masu wetu wamenenepa kwa ubishi wa seremala mmoja." Hakuna aliyecheka, ila chai tumekunywa mpaka birika likaisha.

Tunavaa viatu, akanifuata mlangoni. "Mwambie baba yako kesho saa kumi na moja alfajiri nitakuwa gatini. Sijasema nitapanda mashua yake."

Jumatatu, 10 Juni

Naandika kibandani, ukungu tupu. Baba amekaa ndani ya mashua tangu saa kumi. Amepakia fimbo mbili na matakia mawili.

Saa kumi na moja kamili Heisaku akaja dirishani kwangu. Kibali cha siku, mtu mmoja. Miaka kumi na miwili hajakata kibali! Jina lake nimeliandika limepinda. Nikaanza kumsomea kanuni kama mgeni yeyote, naye akasikiliza kwa adabu.

"Masu wangapi?" akaniuliza.

"Kumi."

"Na urefu?"

Nimwambie ipi, ya karatasi ya kanuni au ya kibao?

"Sun saba," ikasema sauti ya Baba kutoka kwenye mashua.

Heisaku akakunja kibali chake, akakitia mfukoni. Ameshuka ngazi za gati polepole. Sasa mguu mmoja umo ndani ya mashua. Wa pili bado uko gatini, na Baba ameng'ang'ania nguzo kwa mikono miwili mashua isiyumbe.